Dayari Imejaa, Kazi Hazijafanyika: Tatizo Liko Wapi?

Dayari ya karatasi haina kengele. Simu italia, itatetemeka mfukoni, itawasha taa. Dayari itakaa kimya ndani ya mkoba huku miadi yako ya saa nne imo humo, imeandikwa kwa wino wa bluu na mwandiko wa kupendeza. Malalamiko karibu yote ninayoyasikia kuhusu dayari, kuanzia "vitu hivi siviwezi" hadi "mimi si mtu wa ratiba", chanzo chake ni hicho. Watu wanaandika, hawasomi.

Hapa chini nimeyaweka malalamiko hayo kama wenyewe wanavyoyasema, na chini ya kila moja chanzo chake na dawa yake. Si lazima uyapitie yote. Ila kabla ya kuchagua lako fanya kipimo kimoja cha haraka, kama fundi umeme anavyoangalia kwanza kama soketi ina moto kabla hajaanza kuifungua redio. Fungua ukurasa wa jana.

Ukikuta maandishi lakini hakuna tiki, hakuna mstari wa kufuta wala mshale, basi hukurudi kusoma. Anza na lalamiko la kwanza. Ukikuta alama, ila nyingi ni za kusogeza kazi mbele, shida imo kwenye orodha yenyewe. Ruka hadi la pili na la tatu. Ukurasa wa jana ukiwa mweupe, na wa juzi mweupe, na wiki nzima iliyopita vilevile, kuna sehemu ya kurasa nyeupe huko mbele.

Ninaposema dayari nazichanganya zote: ile yenye nembo ya benki inayogawiwa Desemba, ile ya kununua dukani, na kaunta buku uliyoipigia mistari mwenyewe kwa rula. Kwa magonjwa haya hazitofautiani sana.

"Niliandika kabisa, lakini nikasahau"

Mara nyingi jambo limeandikwa kwenye ukurasa usio wake. Jumatatu unaambiwa kikao cha harusi ni Alhamisi jioni. Unafungua ukurasa wa Jumatatu kwa sababu ndio ulio mbele yako, unaandika "kikao cha harusi Alhamisi", unafunga. Alhamisi ikifika unafungua ukurasa wa Alhamisi na hauna kitu. Pekua wiki mbili zilizopita utafute majina ya siku yaliyoandikwa ndani ya kurasa za siku nyingine. Ukiyakuta mengi, chanzo umekipata. Jambo huandikwa siku litakapotokea, si siku ulipolisikia. Na likihitaji maandalizi, liandike mara mbili: "kikao" kwenye Alhamisi, na "toa pesa ya mchango" kwenye Jumanne, maana Alhamisi jioni mbele ya mwenyekiti wa kamati si wakati wa kukumbuka kwamba pesa iko kwenye simu na salio la kuitolea halitoshi.

Kama maandishi yako kwenye kurasa zake na bado unasahau, jiulize unaisoma saa ngapi. Anayejibu "nikipata nafasi" haisomi. Kufungua dayari kufungwe kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa: chai ya asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, kusubiri daladala kituoni, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mara mbili kwa siku inatosha. Asubuhi ni dakika mbili za kuona leo kuna nini. Jioni ni dakika kama tano: unatia tiki zilizokwisha, unazipeleka mbele zilizobaki, unaangalia kesho na kesho kutwa. Hii ya jioni ndiyo inayookoa watu, na ndiyo inayorukwa kwanza, kwa kuwa mtu amechoka. Ukilazimika kuacha moja, acha ya asubuhi.

Chanzo kingine ni ukubwa wa dayari. Karatasi ya A5 ni milimita 148 kwa 210, na dayari nyingi za ofisini ni za kipimo hicho au kubwa zaidi. Hiyo ni dayari ya mtu wa mezani. Mwenye bodaboda, fundi bomba, muuguzi wa zamu, mama anayezunguka sokoni tangu alfajiri, hataibeba. Itabaki nyumbani na yeye yuko Kariakoo. Anunue ya A6, milimita 105 kwa 148, inayoingia mfuko wa koti au kwenye pochi. Kurasa ndogo zina faida nyingine pia: hazikuruhusu kujiandikia kazi kumi na nane.

Kuna na jambo la kichwa. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio yake yaliyoonyesha kwamba watu walizikumbuka zaidi kazi walizokatizwa katikati kuliko zile walizozimaliza. Kazi isiyokwisha hubisha hodi kichwani. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister wakaonyesha kwamba mtu akishaiwekea kazi hiyo mpango mahususi, hodi zile hupungua kabla hata kazi yenyewe haijaguswa. Ndiyo raha ya kuandika: unalala. Lakini tazama kinachofuata. Kichwa kimeachilia kwa kuamini kwamba karatasi imeshika. Na karatasi haitakuita. Usipoifungua, jambo hilo sasa halina mtu wa kulikumbuka kabisa. Anayeandika bila kusoma husahau vibaya kuliko yule asiyeandika chochote.

"Orodha haiishi"

Soma mistari yako mmoja mmoja. Ukikutana na "nyumba", "biashara", "pasipoti", "afya ya baba", hizo si kazi. Hizo ni shughuli nzima zenye kazi nyingi ndani yake, na huwezi kuitilia tiki "nyumba" leo wala mwezi ujao. Mstari wa kazi huanza na kitendo na humalizika kwa mkao mmoja. Pasipoti inakuwa: "mpigie mama aangalie cheti cha kuzaliwa kwenye sanduku lake". Kesho yake: "piga picha". Kisha: "jaza fomu mtandaoni". Kazi tatu ndogo zilizotiwa tiki ni bora kuliko neno moja kubwa linalokutazama kwa mwezi mzima. Neno kubwa lipe ukurasa wake nyuma ya dayari, na kila wiki chomoa humo hatua moja au mbili tu uzilete mbele.

Chanzo cha pili ni hesabu ya muda. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada watamaliza tasnifu zao kwa siku ngapi. Kwa wastani walikadiria siku 33.9. Wakaombwa wakadirie tena, safari hii wakidhani kila kitu kitaenda vibaya: 48.6. Muda halisi ukawa siku 55.5. Hata makadirio ya balaa hayakufikia ukweli. Na hao hawakuwa na foleni ya Ubungo.

Basi usikadirie. Rudi kwenye kurasa za wiki mbili zilizopita uhesabu tiki za kila siku ya kazi, utafute wastani. Ukiwa nne, wewe ni mtu wa kazi nne kwa siku, haijalishi unajionaje. Andika nne, uongeze ya tano kama unapenda kujaribu. Zilizobaki zikae kwenye orodha ya wiki, ukurasa mmoja upande wa kushoto, ambako hazina siku maalumu na hazikusuti kila jioni. Watu hupinga sana hapa. Wanasema kazi zao ni nyingi kuliko hizo. Ni kweli, ni nyingi; lakini kuzipanga zote kwenye Jumanne hakujawahi kuirefusha Jumanne.

Na angalia kitu kimoja ambacho orodha nyingi hukisahau kabisa: mwendo. "Benki, NIDA, duka la vifaa" ni mistari mitatu mifupi sana kwenye karatasi. Barabarani inaweza kuwa siku nzima. Panga kazi za nje kwa eneo. Kila kilicho mjini kiende siku moja, kila kilicho mtaani siku nyingine, na mbele ya kazi andika mahali kabla ya kitendo: "Posta: lipia sanduku". Ukifika Posta unatafuta neno hilo tu, unamaliza yote ya hapo.

"Kazi hii hii naihamisha wiki ya tatu sasa"

Mishale ikifuatana kwenye kazi moja, usiihamishe mara ya nne kabla hujajibu maswali haya.

Je, unajua hatua ya kwanza? Kama hujui, si kazi bado; rudi juu kwenye habari ya pasipoti.

Je, kuna mtu unayemsubiri? Hapa ndipo orodha nyingi huoza. "Gauni" limekaa kwenye orodha yako kana kwamba wewe ndiye unayelishona. Tenga ukurasa wa nyuma kabisa, uuite "Nasubiri", na kila mstari uwe na mambo manne: nani, nini, aliahidi lini, nitamfuata lini. Tarehe ya kufuata ndiyo inayoingia kwenye kurasa za mbele, na isiwe ile aliyokuahidi. Fundi cherehani akikuambia uje Ijumaa, andika "mpitie fundi" kwenye Jumatano. Ijumaa ya fundi cherehani sote tunaijua. Ukurasa huo huo utakufaa kwa aliyekukopa, mzigo ulio njiani kutoka Guangzhou, karani aliyesema "njoo wiki ijayo", na majibu ya maombi ya kazi.

Je, hujaisemea wakati na mahali? Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio fulani hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. "Serikali ya mtaa" ni nia tupu. "Jumatano nikishamwacha mtoto shule, napitia serikali ya mtaa kuchukua barua" ina kamba ya kuivuta. Ni maneno mengi zaidi, na ni sababu nzuri ya kutoandika kwa kubana.

Je, bado unaitaka? Ryder Carroll, mbunifu wa Marekani aliyeuweka hadharani mwaka 2013 mfumo wake wa kupanga kazi kwenye daftari, Bullet Journal, huwataka watu waziandike upya kwa mkono kazi zisizokwisha kila mwezi unapoanza, na huo usumbufu ni wa makusudi: kama hukubali kupoteza sekunde chache kuiandika tena, huenda haina thamani ya kufanywa. Napenda sana sehemu hiyo ya mfumo wake. Rangi, stika na mapambo ambayo watu wameyaongeza juu yake siyapendi, lakini hilo tutalifikia. Ifute kwa mstari mmoja, uandike tarehe uliyoifuta, uendelee na maisha. Kuna watu wanaobeba "jifunze gitaa" tangu dayari iliyopita ya iliyopita.

"Nilifika, kumbe saa haikuwa hiyo"

Tatizo hili ni letu, na dayari zinazochapwa hazitusaidii. Ukingoni mwa ukurasa kumepangwa 8:00, 9:00, 10:00. Daktari amekuambia saa nne asubuhi. Sehemu sahihi ni 10:00. Unaandika hapo, vizuri. Siku tatu baadaye unatupa jicho, unaona 10:00, akili inasoma saa kumi, unapanga kwenda jioni. Umekosa miadi kwa saa sita kamili. Kinyume chake pia hutokea: mtu anasikia saa mbili usiku anaandika "2", na kesho yake anadhani ni asubuhi.

Kuna njia mbili, chagua moja usichanganye. Ya kwanza: kila Jumapili, unapoitazama wiki inayokuja, andika saa zetu kwa kalamu nyekundu pembeni ya zile zilizochapwa, 1 kando ya 7:00, 2 kando ya 8:00, na kuendelea. Inachosha kwa wiki chache tu, kisha macho huzoea. Ya pili: zipuuze kabisa tarakimu zilizochapwa, na kila saa unayoandika iambatane na sehemu ya siku: "saa 4 asb", "saa 10 jioni", "saa 2 usk". Saa isiyo na sehemu ya siku ihesabu kama haijaandikwa.

Mwenye ndugu au biashara nje ana mtego wa ziada. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, hivyo saa nne ya hapa ni saa tatu ya kule. Muscat iko mbele kwa saa moja. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ziandike tarehe hizo mbili kwenye dayari sasa hivi kama kila wiki mnapigiana simu, la sivyo mara mbili kwa mwaka mtalaumiana bure. Na siku zote andika saa ya hapa ulipo, kisha ya kule kwenye mabano.

Usiku nao. Hasa pwani, "usiku wa Ijumaa" kwa mtu anayehesabu siku tangu magharibi ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa mwingine ni Ijumaa yenyewe baada ya kazi. Ukialikwa kwenye maulidi au hitima kwa maneno hayo, uliza palepale: "Ni wa kuamkia Ijumaa, au Ijumaa kuamkia Jumamosi?" Jibu liende kwenye ukurasa wa mchana unaoutangulia usiku huo.

Sikukuu za mwezi mwandamo ziandike kwa penseli. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, na waliochapa dayari yako waliweka tarehe ya Idd kwa makadirio, miezi mingi kabla mwezi haujaandama. Acha wazi na siku inayofuata. Usiweke safari, usiweke mkataba wa kusainiwa.

"Asubuhi ikiharibika, siku yote imekwenda"

Ratiba imebana mno. Mtu ameandika kila nusu saa na jina lake, umeme unakatika saa tatu, na kuanzia hapo kila mstari ni uongo. Saa wape wanaostahili saa: watu wengine, usafiri, dawa, mtoto wa kuchukuliwa shule. Kazi zako binafsi zikae chini ya ukurasa bila saa.

Halafu zitie alama. Herufi U kwa kazi inayohitaji umeme, M kwa inayohitaji mtandao, na isiyo na herufi inafanyika hata kwenye giza la koroboi. Umeme ukikatika hutakaa ukikunja mikono kufikiri ufanye nini. Unatafuta mistari isiyo na herufi. Wakati wa masika wengine huongeza J, yaani inahitaji jua: kufua mapazia, kuanika mahindi, kupaka rangi.

Msiba ni jambo jingine. Ukipata taarifa usijaribu kuhamisha mstari mmoja mmoja. Piga mstari wa kushuka kwenye kurasa tatu, andika "msiba", mpigie simu yule tu ambaye atakuwa amekaa anakusubiri. Ukirudi, pitia kurasa hizo tatu kwa mara moja, na utashangaa ni ngapi zilizojimaliza zenyewe.

"Kila mwaka inakufa Februari"

Haya ni ya kurasa nyeupe. Kinachoiua dayari si ile wiki uliyoiruka. Ni aibu ya kuirudia na kukuta mweupe umekaa pale. Mwenye dayari yenye tarehe huiona aibu hii zaidi, kwa sababu kurasa zimeshachapwa majina ya siku na zinamngoja. Zitumie kwa kitu kingine: mahesabu ya kikoba, vipimo vya fundi, orodha ya wageni. Ukurasa wa Februari 9 ulioandikwa bei za saruji hauna ubaya wowote. Anza tena kwenye tarehe ya leo, usijaze ya nyuma. Ukiwa mtu wa kuruka mara kwa mara, hama kabisa uende kwenye kaunta buku: tarehe unaiandika siku unayofungua, na ukipumzika wiki mbili kitabu hakijui.

Chanzo cha pili ni uzuri. Dayari ya ngozi, kalamu za rangi sita, mwandiko wa Januari kama kadi ya harusi. Kufika mwezi wa pili mtu anaogopa kuichafua na "nunua dawa ya mende". Dayari inayofanya kazi huwa mbaya machoni. Kalamu moja.

Chanzo cha tatu ni Januari yenyewe. Mwaka wako wa kazi unaweza usianze hapo. Anayeuza kwa serikali ya Tanzania anaishi kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1 na kuishia Juni 30, na Mei yake ina kelele kuliko Desemba. Mkulima anaanza na mvua. Kaunta buku haikuulizi unaanza lini.

Kwa wabanaji wa matumizi: kalenda hujirudia. Mwaka 2015 na mwaka 2026 yote huanza Alhamisi na hakuna ulio mrefu, kwa hiyo dayari ya 2015 iliyobaki kabatini bila kuandikwa inafaa kwa 2026 siku kwa siku. Hata Pasaka inaangukia Aprili 5 miaka yote miwili. Zitakazokuwa si sahihi ni Idd na Maulidi tu.

"Sijui nilimaanisha nini"

"Mama J – 150." Ni elfu 150 au vitumbua 150? Unadai au unadaiwa? Mama Jeni au Mama Juma? Mstari wa mtu na pesa uwe na jina linalojulikana, kitendo, kiasi na kwa nini: "Mama Juma anipe 150,000 ya vitenge". Ukisita kuyaandika hayo kwa sababu wengine wanaifungua dayari yako, tafuta pa kuiweka, usibuni mafumbo utakayoyasahau.

"Maandishi yamefutika"

Kalamu za wino unaofutika kwa kusugua hazifuti kwa kusugua hasa. Zinafuta kwa joto la msuguano. Wino wake hupotea kwenye joto la kama nyuzi 60 za Selsiasi, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inaweza kufika huko. Ukisahau dayari mbele ya gari mchana wa Februari, unaweza kurudi ukakuta mwezi mzima ni mweupe. Usiitupe: ifunge kwenye mfuko wa plastiki uiweke kwenye friza, maandishi mara nyingi hurudi, yakiwa hafifu. Kisha nunua peni ya kawaida. Wino wa peni ya kawaida una mafuta na hauogopi sana maji. Wa jeli unaweza kusambaa mvua ikiingia kwenye mkoba.

Risiti zilizobandikwa humo nazo hufifia, kwa kuwa nyingi huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, na gundi au plastiki ya kufunikia huharakisha. Nakili tarehe, kiasi na namba kwa mkono siku hiyohiyo. Namba ndefu zivunje kwa nnenne: tokeni ya umeme wa LUKU ina tarakimu 20, ni mafungu matano, namba ya malipo ya serikali ina 12, ni mafungu matatu. Namba ya siri ya simu au benki isiingie kwenye dayari hata kwa mafumbo.

"Simu inasema hivi, dayari inasema vile"

Umeweka mabwana wawili. Amua miadi inaishi wapi. Ukiichagua dayari, simu ibaki na kazi moja tu: kulia. Jioni unapoisoma kesho, weka kengele kwa ile miadi moja au mbili zisizosameheka, basi.

Mabadiliko mengi siku hizi huja kupitia makundi ya WhatsApp, yakizikwa chini ya picha za asubuhi njema na dua. Kikao kimehamishwa kutoka Jumamosi hadi Jumapili, wewe hukuona. Katika zile dakika tano za jioni, pitia makundi yale tu yenye vikao na pesa, uhamishe ulichokuta: piga mstari mmoja kwenye miadi ya zamani, isomeke bado, uandike "imekwenda Jumapili", kisha uiandike Jumapili. Usiifiche kwa kuchorachora. Wiki ijayo mtu atabisha kuhusu tarehe ya kwanza, na utaihitaji.

"Mimi najua, nyumbani hawajui"

Dayari ni ya mtu mmoja, nyumba ni ya watu. Jumapili jioni nakili wiki kwenye karatasi moja ibandikwe mlangoni au kwenye friji: nani anamchukua mtoto, nani analipa maji, siku gani dada wa kazi hayupo. Mambo ya wengine tu. Ukiinakili dayari nzima hakuna atakayeisoma.

Pale ambapo karatasi si dawa

Kuna watu ambao hakuna lolote kati ya haya litakalowafaa, na wasilazimishwe. Mtu anayepangiwa kazi na wengine, mara kumi kwa siku, kwa simu: dereva wa mizigo, fundi wa dharura, mratibu wa zamu hospitalini. Siku yake hubadilika kabla wino haujakauka, na watu wengine lazima waione papo hapo. Huyo atumie kalenda ya simu inayoshirikiwa. Karatasi abaki nayo kwa ukurasa wa "Nasubiri" na ule wa shughuli kubwa, ambazo hazibadiliki kila saa. Mwingine ni anayefika jioni akiwa hoi kiasi kwamba hata dakika tano hazipo kwa miezi. Kwake kipande kimoja cha karatasi kilichokunjwa mfukoni, mistari minne, kinachotupwa usiku na kuandikwa kingine, kitamtumikia vizuri kuliko dayari yoyote ya dukani.

Dawa yoyote utakayoichagua hapa, ijaribu peke yake kwa wiki mbili kabla hujaongeza nyingine. Ukibadilisha ukubwa, kalamu, saa ya kusoma na orodha kwa siku moja, ikifaulu hutajua ni nini kilichosaidia, na ikishindikana utailaumu dayari.